Kipaimara ushapata, sasa unafanya nini? Namna ya kumfuata Yesu huku kwetu kwenye korosho

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili iliyopita tulipotoka ibadani mtoto wa dada yangu alinifuata pale nje chini ya mwembe, akaniambia mjomba shikamoo, mi kipaimara nimeshapata, Askofu kaniwekea mikono, cheti ninacho nyumbani, sasa nafanya nini? Nikamjibu endelea kuja kanisani. Akaniangalia tu. Nikaona kabisa nimemjibu vibaya, manake kanisani anakuja tangu anabebwa mgongoni, alichokuwa anauliza ni Jumatatu mpaka Jumamosi anaishije. Wiki nzima swali lake limenikaa kichwani kwahiyo naandika hapa nilichonacho, mi sio mchungaji ni mkulima wa korosho wa huku Masasi, ila hiki kitu nakiishi na nimekikosea pia, nitasema nilipokosea.

Tuanze na jina lenyewe. Ukisoma Matendo 11:26 imeandikwa wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza Antiokia, yani kabla ya kuitwa Wakristo tayari walikuwa wanaitwa wanafunzi. Jina la Mkristo limekuja baadae juu ya uanafunzi, sisi siku hizi tumegeuza, tunalo la Mkristo kwenye cheti alafu uanafunzi hatuna. Na mwanafunzi wa wakati ule hakuwa mtu wa kukaa darasani masaa mawili akarudi kwao, alikuwa analala alipolala mwalimu, anakula nae, anatembea nae njia nzima. Sisi watu wa kusini tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine wote kwasababu tumepita jandoni. Mwali hafundwi kwa kupita nje ya kumbi, ile kambi ya jando, mara moja kwa wiki akachungulia. Anaingia, anakaa, anavuliwa ya zamani, na akitoka hata salamu yake inabadilika. Askofu Vincent Lucas, yule wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakulipiga jando marufuku, alilileta ndani ya kanisa, na mi huwa nawaza kwamba alishaona watu hawa wanajua tayari kufundwa maana yake nini. Kwahiyo ukitaka kuwa mwanafunzi wa Yesu ingia kumbini, usichungulie.

Kabla hujaingia kaa chini upige hesabu. Yesu mwenyewe kasema kwenye Luka 14, mtu anaetaka kujenga mnara anakaa kwanza anahesabu gharama. Chukua daftari, kweli kabisa chukua daftari, andika vitu ambavyo unajua ukimfuata vitabidi viondoke au vibadilike. Usiandike "dhambi", hilo neno ni kubwa mno unajificha nyuma yake. Andika jina la mtu unaedaiwa nae, andika yule dada wa mtaa wa pili, andika gongo, andika kwamba mama yako mdogo hamuongei tangu msiba wa babu. Kijana wangu, huyo huyo mtoto wa dada, aliandika vitu saba, cha sita alikifuta alafu akakirudishia. Hapo nikajua anafanya kweli.

Na ukiona orodha imekutisha kumbuka kanisa la huku kwetu lilianzaje. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi wakatembea kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa, wakafika Masasi wakakaa hapa hapa. Ni watu waliouzwa wale, wengine kwao wamesahau njia, lugha wameokoteza njiani, na wakaanza kijiji, wakalima, wakajenga, asubuhi na jioni wakasali. Miaka sita baadae, 1882, wakaja Magwangwara, yani Wangoni, wakavamia wakachukua watu wengine mateka. Hebu fikiria mtu aliyetolewa utumwani mara moja anakamatwa tena. Na bado waliobaki waliinua kanisa tena. Mi nikisoma hayo najiuliza wale walikuwa na nini ambacho mimi sina, manake mimi ikinyesha tu Jumapili siendi.

Sasa vitendo. Amka kabla ya watu wa nyumbani. Kama ni saa kumi na moja kasoro basi weka alamu ya simu, ila simu iweke mbali na kitanda, ukiiweka mkononi utafungua WhatsApp kwanza na ukifungua WhatsApp habari ya maombi imeisha hapo hapo. Anza na Injili ya Marko, ina sura 16 tu, sura moja kwa siku inakumaliza wiki mbili na siku mbili. Soma kwa sauti, hata kama upo peke yako, na kama nyumbani kuna bibi ambae macho hayaoni au hakusoma, soma karibu nae asikie, utashangaa yeye ndo atakueleza wewe. Bibi yangu mi alikuwa hajui hata a, lakini nilipomsomea habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 akaguna akaniambia "huyo alikuwa hakai na wenzie kisimani," na mi nimesoma habari ile mara ngapi sijui sikuwahi kuwaza kisima.

Ukimaliza kusoma usitafute somo kubwa. Tafuta kitenzi kimoja. Yesu kafanya nini hapo au kasema fanyeni nini. Kamgusa mkoma? Basi leo kuna mtu ambae watu hawamgusi, yupo hapo kijijini, unamjua, pita ukamsalimie umpe mkono. Kimoja tu kwa siku, na jioni ujiulize nimekifanya au sijakifanya. Ukisema nitafanya vyote hufanyi hata kimoja, mi nimejaribu. Sala iwe fupi ya kweli. Baba Yetu polepole inatosha, na ukifika kwenye "utusamehe makosa yetu kama sisi tunavyowasamehe" simama hapo kidogo uangalie kama kuna mtu.

Haya, tuje kwenye mtihani wenyewe. Nasema kwa uchungu kabisa, huku kwetu Mtwara na Lindi mtu anajulikana kama ni mwanafunzi wa Yesu kuanzia Oktoba hadi Desemba, mzani wa kununulia korosho unapofunguliwa. Miezi mingine wote tunafanana.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mwezi wa pili, njaa kali, mahindi ya shambani bado, jirani yangu mama mjane alikuja nyumbani jioni. Mtoto karudishwa shule na ndani hamna kitu. Hakuomba, aliniambia tu "baba, unaweza kuninunulia zile za mwaka huu?" Alikuwa anasema korosho ambazo hata maua bado. Kwa asiejua, hiyo ndo kangomba. Unampa mkulima hela wakati ana shida, mnakubaliana msimu ukifika atakuletea, na bei unapanga wewe, na kupima mnapima kwa chombo sio mzani, na chombo chenyewe kila mtu anajua kinazidi kilo. Serikali inakataza, kila mwaka inatangazwa, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza huku 2007 uliwekwa ili mkulima apeleke chama cha msingi cha ushirika auze mnadani apate bei ya maana. Lakini njaa haisubiri mnada. Nikampa hela. Nilimpa huku nikijiambia namsaidia, na nilimwambia kabisa "Mungu atafungua njia mama". Msimu ulipofika akaleta, tukapima kwa lile beseni la bluu, nikalijaza mpaka juu likafanya kichuguu na korosho zinamwagika pembeni, na zile zilizomwagika nikazikusanya kwa mkono nikatia kwenye gunia langu. Yeye amesimama anaangalia mkono wangu. Hakusema kitu. Nikazipeleka chamani kwa jina langu, zikauzwa, nikapata mara nyingi ya nilichompa, na sehemu ya kumi nikapeleka kanisani, nikaandikiwa risiti.

Mwaka uliofuata tukawa tunasoma Luka 19 kwenye kikundi cha nyumba kwa nyumba, Zakayo. Zakayo alisema nusu ya mali anawapa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne, na pale ndo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Mzee mmoja aliuliza, mbona Yesu hakusema hivo Zakayo alipopanda mti wala alipomkaribisha kwa furaha, kasema alipotaja hela? Watu wakacheka. Mi nilikuwa naliona lile beseni.

Kwahiyo hapa naeleza namna ya kurudisha, manake hakuna anaefundisha. Kwanza piga hesabu ya haki, uliuza kiasi gani, ulimpa kiasi gani, tofauti ndo ulichomdhulumu, anzia hapo, ukiweza kuzidisha zidisha. Hela kama huna yote usisubiri iwe yote, peleka nusu na umwambie iliyobaki utaleta lini. Nenda mchana, nenda peke yako, usiende na mchungaji wala mashahidi kwa kuwa hapo utakuwa unatafuta sifa. Ukifika usizunguke. Mi nilisema "mama zile korosho nilikupunja, hela yako hii hapa". Usimwambie nisamehe alafu ukakaa unasubiri ajibu, hiyo ni kumlipisha tena. Yule mama alihesabu mara mbili, akafunga kwenye pindo la khanga, akasema "haya," akarudi kwenye kinu chake. Basi. Hakunichekea na mpaka leo hajawa rafiki yangu na ni haki yake. Na usiende kutoa ushuhuda wa hicho kitu Jumapili mbele za watu kwa jina lake, hata hapa nimeficha anapoishi.

Kama wewe ni mtu wa kununua kangomba acha, sina maneno laini. 2018 Serikali iliposema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wakaanza kuhakikiwa mashamba yao, wanunuzi wa kangomba walihangaika usiku kucha kuficha magunia, na kati yao walikuwepo wa msikitini na wa kanisani. Mwezi wa pili jirani akija na njaa una njia mbili tu za kiuanafunzi, unampa, au unamkopesha arudishe kile kile ulichompa. Ya tatu haipo.

Alafu kuna sisi wauzaji. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Karani akichezea mzani tunalia, sawa na tulie, lakini gunia nani anatia mchanga? Nani anaweka mbichi katikati na kavu juu? Anika korosho zako siku mbili tatu za jua mpaka ukichota mkononi ukatikisa zinalia kavu, zisizolia rudisha juani. Chagua, chafu na zilizooza weka pembeni, daraja la pili liende kama daraja la pili. Ndo ibada hiyo. Utapoteza kilo, ni kweli utapoteza, na pengine jirani yako aliyetia mawe atapata zaidi yako na hakuna atakaemkamata. Mi sikuahidi kwamba utabarikiwa kwa kilo. Wanaohubiri hivo waulize wale wa 1882.

Hela ikishaingia benki, kabla hujaitoa yote panga. Fungu la kumi toa kwanza kama ndo imani yako, lakini deni la mtu lisikae nyuma ya sadaka, kama ada ya mtoto na salfa, dawa ya mikorosho, ya mwezi wa tano havijatengwa basi usinunue pikipiki kwa kushindana na mtu. Na mi huwa naweka debe mbili tatu za mahindi ambazo sio zangu. Zinakaa pembeni mpaka Februari. Tangu nianze hivo hakuna mwaka zimebaki, na ukiwa nazo tayari huwezi kumfanyia mtu nilichofanya mimi.

Majirani. Huku Waislamu ni wengi na ndani ya ukoo mmoja tumechanganyikana, mjomba wangu mimi ni sheikh. Kuna vijana wakiokoka wanaanza kukataa futari, hawaendi maulidi ya babu yao, wanabishana mitandaoni na watu wasiowajua wanatukana dini za wenzao alafu wanaita kazi ya Mungu. Jamani. Nenda kachimbe kaburi la jirani jua likiwa kali, kaa msibani mpaka mwisho, ukialikwa futari nenda na sukari kilo mbili. Shughuli yako ukifanya mpe Mwislamu achinje ili wote wale sahani moja kama tulivyozoea toka zamani. Na akikuuliza kwanini unafunga Kwaresima au kwanini hukulipiza, hapo mweleze Yesu bila kona kona, usione haya, usimtaje Mtume wake vibaya. Sheikh mjomba wangu siku moja aliniuliza kwanini nilirudisha hela ya yule mama, habari zilimfikia sijui vipi, tukakaa barazani mpaka alasiri nikamsimulia Zakayo mwanzo hadi mwisho. Mwaka mzima wa kubishana usingenipa masaa yale.

Waganga nitasema kwa kifupi. Ukifunga hirizi kwenye mkorosho au kiunoni kwa mtoto na Jumapili ukapokea meza ya Bwana, una mabwana wawili. Mtoto akiugua mpeleke zahanati, ikizidi mpeleke Ndanda, pale hospitali ya misheni ipo miaka mingi, na huku unasali, dawa na sala havigombani. Na kitu kimoja kikubwa zaidi ya hirizi, ukisikia kikongwe anatajwa kuwa mchawi sababu ana macho mekundu na anakaa peke yake, mwanafunzi wa Yesu hanyamazi. Nenda kakae kwake, kule barazani, watu wakuone. Macho yale ni ya moshi wa kuni miaka 60.

Pombe najua mtaniuliza. Uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, msimu wake upo kila nyumba, na makanisa hayasemi sawa kuhusu hilo kwahiyo fuata kanisa lako. Ila nipa, gongo ya mabibo, imeshazika vijana wetu na anaepika anajua anamuuzia nani. Hilo sina haja ya kusubiri askofu aseme.

Simu nayo. Mistari ya Biblia kwenye stetasi ni nzuri ila haikufanyi mwanafunzi, na mtu akikupigia anajiita mtumishi anakuambia panda mbegu kwa namba hii upate muujiza, kata. Umbea wa grupu la kwaya usiusambaze hata kama umeanza na "tumuombee dada fulani".

La mwisho tafuta watu wawili. Peke yako utachoka, nakuambia. Yesu alituma wawili wawili. Mi ninao wenzangu wawili, mmoja dereva wa bodaboda na mwingine fundi cherehani, tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi, nusu saa tu, kila mtu anaulizwa: umesoma nini, umefanya nini katika ulichosoma, na nani umemkosea wiki hii. La tatu ndo gumu. Wiki nyingine tunakaa kimya mpaka mmoja aanze. Ukianguka katikati ya wiki usisubiri mkutano wa injili uje mjini ndo utubu upya mbele za watu, tubu hapo hapo, rekebisha kinachorekebishika, kesho alamu ikilia amka.

Kijana wangu alikuja Jumamosi iliyopita, kafika wa kwanza, kavaa koti sababu ya baridi la asubuhi. Kafika Marko sura ya 4. Fundi cherehani alimuuliza yale matatu, la kwanza kajibu, la pili kajibu, la tatu kainama muda mrefu anachora chini kwa kijiti, alafu kataja jina la mama yake mdogo. Tukamuuliza utaenda lini, akasema leo, ila naogopa. Dereva akamwambia panda nyuma nikupeleke, mi nitakusubiri barabarani.